Jiwe Nyuma ya Gurudumu: Freni ya Mukono Inashika Kweli?



Minibisi ikisimama kwenye mutelemuko, iwe Likasi, Kambove ao Kolwezi, angalia konvoyeri. Magurudumu hayajatulia bado, yeye amekwisha kuruka chini na jiwe mukononi, analisukuma nyuma ya gurudumu. Watu wanashuka, mama anapokea kitunga chake, mutoto anapita nyuma ya motokari ili avuke barabara. Hakuna anayeuliza kitu, tumezoea. Lakini lile jiwe linasema neno wazi kabisa: freni ya mukono ya motokari hii imekufa.

Jiwe lenyewe si baya. Tutaona kwamba hata fundi mwenye akili analitumia. Ubaya ni pale jiwe linapochukua nafasi ya freni. Siku moja jiwe litakuwa dogo, ao udongo utakuwa umelowa mvua, ao konvoyeri atakuwa anabishana na mutu juu ya feza. Basi motokari ya tani moja na nusu haitaomba ruhusa. Itaanza kutembea polepole, bila kelele, kwa sababu motere imezimwa. Mutu aliye nyuma hatasikia kitu. Na nani wako nyuma ya motokari zetu kila siku? Ni watoto wanaocheza, na mama zetu wanaouza mikate na ndizi kando ya barabara.

Kwa hiyo mwezi huu tunazungumza na baba mwenye motokari, na shofere, na mama anayepanda, na zaidi ninyi vijana munaopenda kazi ya garaji. Mujue freni ya mukono inafanya kazi namna gani, inapimwa namna gani, na inatengenezwa namna gani.

KITU GANI KINASHIKA GURUDUMU?

Ukikanyaga freni ya muguu, nguvu ya muguu wako inapita katika mafuta ya freni mupaka kwenye magurudumu yote. Freni ya mukono haitumii mafuta. Unavuta mukono, mukono unavuta kable, na kable inavuta kipande cha chuma ndani ya gurudumu la nyuma. Ni chuma kwa chuma. Ndiyo maana, hata mafuta ya freni yakimwangika yote njiani, freni ya mukono nzuri inaweza bado kukusaidia.

Ndani ya gurudumu muna ngoma ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Wafundi wanaiita tamburi. Ndani ya tamburi muna vyuma viwili vilivyopindwa kama mwezi muchanga. Hivi ni mashwari. Mashwari hayazunguki. Juu ya kila moja kumebandikwa ao kupigwa misumari kitu kigumu kinachoitwa garnitire. Kable ikivuta, mashwari yanafunguka kama mikono ya mutu anayepanua, garnitire inasukuma tamburi toka ndani, na gurudumu linashikwa. Ukiachilia, resori zinarudisha mashwari pahali pake.

Si motokari zote ziko sawasawa. Ujue yako ni ya namna gani mbele ya kushika chombo chochote:

1. Motokari yenye tamburi nyuma, kama Toyota Corolla za zamani na Hilux mingi. Hapa mashwari yale yale yanafanya kazi mbili: freni ya muguu na freni ya mukono.

2. Motokari yenye diski nyuma, na ndani ya ile diski muna tamburi ndogo yenye mashwari yake madogo. Ndivyo ilivyo katika Mercedes-Benz W123 na W124, na katika Land Cruiser 80 zenye diski nyuma. Hayo mashwari madogo ni ya freni ya kusimamisha tu. Katika W124 hautaivuta kwa mukono, utaikanyaga kwa muguu wa kushoto, lakini kazi ni ile ile.

3. Motokari kama Land Rover Defender. Tamburi yake haiko kwenye gurudumu, iko katikati, chini ya motokari, nyuma ya sanduku la vitesi. Inashika ule muti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Hii ina hatari yake, nayo ni hii: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, lile lililo hewani linaweza kuzunguka upande mumoja na motokari ikatembea, hata kama freni imevutwa mupaka juu. Wengine wameponda mikono kwa kutojua neno hili.

DALILI ZA UGONJWA

Motokari inasema. Sikiliza.

Hesabu mulio wa mukono unapouvuta: ta, ta, ta. Katika motokari mingi unapaswa kushika vizuri kati ya mara 4 na 8, lakini kitabu cha motokari yako ndicho kinatoa hesabu ya kweli. Ukifika juu kabisa na motokari bado inataka kwenda, mashwari yamekwisha kuliwa, ao hayakurekebishwa, ao kable imekuwa ndefu.

Mukono ukiwa mugumu sana kuvuta ao haurudi, kable imeshika kutu ndani ya ganda lake.

Ukitembea kidogo na gurudumu moja la nyuma likawa la moto kuliko lingine, mashwari ya upande ule hayarudi. Usiguse tamburi kwa vidole. Sogeza mukono karibu tu, utasikia joto.

Ukiona maji mazito ya mafuta ndani ya gurudumu la nyuma, ni silindari ndogo ya freni inayovuja, ao ni mafuta ya pon yanayopita kwenye mupira uliochoka. Mashwari yaliyoloweshwa hayatashika, hata ukivuta na mikono miwili.

Kupima ni rahisi. Tafuta pahali pa sawasawa, pasipo watu mbele wala nyuma. Vuta freni ya mukono, tia vitesi ya kwanza, kisha achilia ambreyaji polepole sana, bila kukanyaga esanse. Freni ikiwa nzuri, motere itataka kuzimika. Motokari ikienda mbele kama vile hakuna kitu, usiipakie watu tena mupaka itengenezwe.

VUMBI YA NDANI SI VUMBI YA NJIA

Mbele ya kufungua, neno moja juu ya mapafu yako. Kwa miaka mingi garnitire zilitengenezwa na amianti. Vumbi yake ni nyuzi ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Zikiingia katika mapafu hazitoki, na kisha miaka mingi zinaweza kuleta kansa. Umoja wa Ulaya ulikataza amianti tangu mwaka wa 2005, lakini hapa kwetu motokari za zamani zingali zinatembea, na vipande vya kila namna vinauzwa sokoni. Kwa macho hautaweza kutofautisha. Basi uhesabu kila vumbi ya freni kuwa mbaya.

Familia za watu wa mine zinaelewa neno hili kuliko wengine. Chini ya udongo, mashine za kutoboa jiwe zinapewa maji ili vumbi isiruke, kwa sababu vumbi ya jiwe imeua mapafu ya watu wengi. Ufanye vile vile katika garaji. Usipulize tamburi kwa kinywa. Usipulize kwa kompresere. Mwangia maji yenye sabuni polepole, pangusa na kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa kile ukitie ndani ya mufuko, ukifunge na kukitupa. Usikipeleke nyumbani mama akifue pamoja na nguo za watoto. Na watoto wasikae karibu unapofungua.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Tuchukue motokari ya namna ya kwanza, yenye tamburi nyuma, kwa sababu ndiyo mingi katika kartie zetu.

Kwanza, simamisha motokari pahali pa sawasawa na pagumu. Hapa sasa jiwe linapata kazi yake ya haki: tia kale mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Unajua kwa nini? Kwa sababu utaachilia freni ya mukono, ukiiacha imevutwa tamburi haitatoka. Wakati ule hakuna kitu kingine kinachoshika motokari. Legeza mabulo ya gurudumu, inua na kriki, kisha tia msaada wa chuma ao gogo gumu chini ya pon. Usifanye kazi motokari ikikaa juu ya kriki peke yake. Matofali pia hapana, yanavunjika kwa mara moja.

Pili, toa gurudumu, kisha tamburi. Kama imekwama, usiipige kama mutu anayevunja jiwe. Katika tamburi za Toyota kuna matundu mawili yenye meno. Tia bulo mbili humo, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, na tamburi itasukumwa inje yenyewe. Ikikataa bado, mashwari yamechimba mustari ndani yake. Nyuma muna tundu dogo lenye kifuniko cha mupira. Pitisha turunevisi humo urudishe kile kirekebisho chenye meno, mashwari yajikunje.

Tatu, angalia mbele ya kugusa. Fungua upande mumoja tu. Upande wa pili uuache mupaka umalize wa kwanza, ili ukisahau resori ilikaa wapi, uende kuangalia kule. Upande wa pili ndio kitabu chako. Ukiwa na telefone yenye picha, piga picha.

Sasa uchunguze haya:

Unene wa garnitire. Katika Toyota mingi mwisho ni milimetre 1. Ikifika pale, toa. Kama garnitire imepigwa misumari, vichwa vya misumari vinapaswa kuwa chini ya uso wake. Vikifika juu vitakwaruza tamburi.

Garnitire yenyewe: imepasuka? Imeanza kubanduka kwenye chuma? Mashwari madogo ya namna ya pili mara nyingi hayaliwi, kwa sababu hayafanyi kazi motokari inapotembea. Yanakufa kwa kutu na kwa kubanduka. Fundi anaona garnitire ni nene, anasema "iko muzuri", kumbe inashikwa na kutu tu.

Tamburi: ndani yake panapaswa kuwa laini. Katika tamburi mingi kuna hesabu iliyoandikwa ndani ya chuma, inayosema upana wa mwisho. Ikipita pale, haifai kusuguliwa tena kwenye turu.

Silindari ndogo: inua kidogo mipira yake miwili. Ukiona majimaji, tengeneza silindari kwanza. Kutia mashwari mapya chini ya silindari inayovuja ni kutupa feza mutoni.

Nne, kuna desturi tunayopaswa kuiacha. Mashwari yakiloweshwa na mafuta, wengine wanayaosha na esanse, kisha wanayawasha moto yakauke. Juu yanaonekana makavu. Lakini mafuta yameingia ndani, na joto la freni litayatoa tena inje. Zaidi ya ile, moto na esanse katika garaji ni hatari ya pili. Mashwari yaliyokunywa mafuta yanatupwa. Na yanabadilishwa ya kushoto na kuume pamoja, usibadilishe upande mumoja, motokari itavutwa upande.

Tano, kusafisha na kurudisha. Kile kirekebisho chenye meno kifungue, kisafishe, ukipake grese kidogo kwenye uzi wake. Usichanganye cha kushoto na cha kuume: mara nyingi uzi wao unazunguka kinyume. Kwenye sahani ya nyuma utaona pahali panapongaa, pale mashwari yanaposugua. Pake grese ya kuvumilia joto, kidogo sana, kama mafuta kwenye ncha ya kidole. Kisha nawa mikono. Garnitire isione grese hata tone. Resori iliyolegea ao yenye kutu usiirudishe. Angalia pia kile kipande kinachovutwa na kable: kinapaswa kurudi mupaka mwisho. Kisiporudi, ulegeze kable mbele ya kuendelea.

MASHWARI KWANZA, KABLE KISHA

Kijana, ukisahau mengine yote, ushike hili. Shofere anasema: "Papa, freni ya mukono imekuwa ndefu." Fundi wa haraka anaingia chini, anakaza bulo ya kable, dakika 5, anapokea feza yake. Mukono unakuwa mufupi, shofere anafurahi. Lakini ndani ya tamburi hakuna kilichobadilika. Mashwari yako mbali na tamburi vile vile, na sasa kable inayavuta nusu-nusu kila wakati. Kile kipande hakirudi tena mwisho, kwa hiyo kirekebisho kinachojikaza chenyewe kinaacha kufanya kazi. Mashwari yanaanza kusugua njiani, tamburi inapata moto, garnitire inakwisha mbio. Kisha miezi michache, anarudi na taabu kubwa kuliko ile ya kwanza.

Utaratibu wa haki ni huu. Legeza kable. Rudisha tamburi. Zungusha kirekebisho kupitia tundu lake mupaka gurudumu likatae kuzunguka, kisha ukirudishe meno machache, gurudumu lizunguke bila kusugua kwa nguvu. Fanya hivyo pande zote mbili. Kanyaga freni ya muguu mara kadhaa ili mashwari yakae katikati, uangalie tena. Nyuma ya pale tu ndipo ukaze kable, mupaka mukono ushike kwa hesabu ya kitabu. Mwisho achilia mukono: magurudumu yote mawili yanapaswa kuzunguka bure.

Katika W124 unatoa bulo moja ya gurudumu, unazungusha mupaka tundu lake lielekee kwenye kirekebisho, unaingiza turunevisi humo. Kazi ni ile ile.

Mashwari mapya madogo ya namna ya pili yanahitaji kuzoezwa. Njiani pasipo watu, kwa mwendo wa polepole, vuta mukono kidogo huku kidole kikikaa juu ya kitufe, tembea mita chache mia, achilia, uache yapoe. Fanya hivyo mara mbili ao tatu. Usivute kwa nguvu, gurudumu la nyuma likifunga motokari inageuka.

Kable yenye nyuzi zilizokatika haifungwi na waya wala haichomwi kwa moto. Inabadilishwa. Na ganda lake likipasuka, maji na udongo mwekundu vinaingia, kisha kutu.

KUSIMAMISHA MOTOKARI KWA AKILI

Freni nzuri inahitaji pia shofere muzuri.

Kwenye mutelemuko kanyaga freni ya muguu, vuta ya mukono, kisha achilia muguu polepole uone kama inashika. Halafu tia vitesi: ukitazama juu, vitesi ya kwanza, ukitazama chini, ile ya kurudi nyuma. Geuza magurudumu ya mbele ili motokari ikiponyoka iende kupiga ukingo wa barabara, isiende katikati ya watu. Motokari yenye vitesi vya kujiendesha, vuta freni ya mukono mbele ya kuachilia ya muguu. Ile herufi P ni kijino kidogo tu cha chuma, usikibebeshe motokari nzima.

Katika majira ya mvua, kama motokari itakaa majuma bila kutembea, usiiache na freni ya mukono imevutwa. Mashwari yatashikana na tamburi kwa kutu. Ukiwa pahali pa sawasawa, tia vitesi na kale mbele na nyuma.

Usiache mutoto peke yake ndani ya motokari. Mukono wa freni unampendeza kama kitu cha kuchezea, na kuuachilia hakuhitaji nguvu ya mutu muzima.

Na wewe mama unayepanda, huna haja ya kujua tamburi. Lakini una haki ya kuuliza: "Shofere, mutoto wangu, freni ya mukono inashika?" Watu 15 wakiuliza kila asubui, mwenye minibisi atapeleka motokari garaji.

Kwenu vijana: hii ni kazi inayoweza kulisha nyumba. Kuangalia, kuhesabu milio, kusafisha na kukaza sawasawa unaweza kujifunza kando ya fundi mwenye kufahamu. Silindari na mafuta ya freni usiviguse peke yako mupaka amekuonyesha. Na siku mutu atakapokuambia "kaza kable tu, papa, feza haiko", mueleze kwa upole kile ulichosoma hapa. Pengine atakasirika. Lakini yule mutoto anayepita nyuma ya motokari hatajua kamwe kwamba ulimulinda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Motokari tunayopanda kila siku, freni yake ya mukono ilipimwa lini?
2. Watoto wetu wanacheza wapi? Kuna motokari inayosimama juu ya pahali pale?
3. Kwa nini kukaza kable peke yake si kutengeneza?
4. Fundi wa kartie yetu anapulizaje vumbi ya freni? Nani atakwenda kumwambia?